Akili ya Mtoto Mchanga na Mwenye Kumlea

Baada ya darsa ya Maghribi hapa Garissa nililetewa karatasi kutoka upande wa wanawake, nayo ilikuwa na masuali mawili. Mwenye kuandika alisema kwamba mama mkwe wake amkataza kuzungumza na mtoto wake wa miezi mitatu. Amwambia kuwa kitoto hakina akili bado, na kwamba mwenye kusema na asiyejibu ni sawa na mwenye kusema na ukuta. Je, ni kweli? Adhana ya Isha ilikuwa karibu, nikajibu kwa maneno machache, na jawabu langu mwenyewe halikuniridhisha. Kwa hiyo nimelirejea suali lile kwa utuvu, nikasoma na kuulizia kwa wenye kujua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Simlaumu mama mkwe yule, kwa kuwa rai yake si yake peke yake. Pwani yetu yote, tangu Lamu hata Vanga, utasikia watu wakisema "mtoto mchanga hajui kitu", na huku Kaskazini Mashariki utayasikia hayo hayo kwa Kisomali. Mtoto hunyonyeshwa, huoshwa, hukandwa, hufukizwa, hufungwa hirizi (na khabari ya hirizi haina haja kuirejea leo), hufichwa asionekane na mwenye kijicho mpaka arubaini iishe. Yote hayo ni ya mwili wake. Ama nia yake, yaani lile alitakalo, lile alistaajabialo, lile aliogopalo, hilo huhesabiwa kuwa halipo mpaka aweze kulisema kwa ulimi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na rai hiyo. Mwanangu wa tatu alipozaliwa, mama yake aliugua, si kwa homa bali kwa huzuni. Alikuwa akikaa akiutazama mlango, akimnyonyesha mtoto bila ya kumtazama. Tukamwajiri msichana wa kumsaidia, naye alikuwa mwema, msafi, mwenye kulifanya kila aliloambiwa. Lakini hapana aliyemwambia aseme na mtoto. Mtoto akawa mtulivu mno. Akiwekwa mkekani hukaa. Halii, haiti, hanyoshi mikono. Nami nikawa nikijisifu kwa wenzangu barazani kwamba nimeruzukiwa mtoto mpole. Alipotimia mwaka na nusu hakuwa na neno hata moja, wala hakuwa akionyesha kitu kwa kidole kama waonyeshavyo watoto. Tukampeleka hospitali akapimwa masikio, yakaonekana mazima.

Hapo ndipo alipokuja mama mkwe wangu kutoka Wajir, ambaye wanangu humwita ayeeyo, akakaa nasi miezi minane. Yeye hakusoma chuo chochote cha malezi. Alimtwaa mtoto akawa akisema naye mchana kutwa kwa Kisomali. Akipita ngamia barabarani, humtazama mtoto kwanza, kisha humwambia: "Ah, umemuona. Wamuogopa? La, humuogopi, wataka kumfuata." Kisha hunyamaza, akangoja, kana kwamba atajibiwa. Ilinichekesha ile namna ya kungoja. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kujibu, kwanza kwa macho, kisha kwa sauti isiyokuwa neno, kisha kwa neno. Siwezi kuapa kwamba ni ayeeyo peke yake aliyelifanya hilo, kwa kuwa katika miezi ile ile mama yake naye alitibiwa akapata nafuu, na wako watoto ambao huchelewa kusema kwa tabia yao, kisha wakasema. Lakini nililolishuhudia nimelishuhudia.

Basi sasa turejee katika elimu. La kustaajabisha ni kwamba elimu hii, ambayo leo yasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, sehemu kubwa ya chimbuko lake ni hapa Afrika Mashariki. Katika mwaka 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, Mary Ainsworth, alikuwa Kampala katika taasisi ya utafiti iliyokuwako Makerere. Alizizuru nyumba 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, zenye watoto wachanga 28, akiingia kila nyumba baada ya kila wiki mbili, akikaa kiasi cha saa mbili pamoja na mkalimani wake, akitazama na kuuliza. Kazi hiyo aliitolea kitabu mwaka 1967.

Alitaka kujua kwa nini baadhi ya watoto humtegemea mama kwa matumaini, wakatambaa kwenda kuangalia mambo kisha wakarejea kwake, na baadhi hulia na kung'ang'ania hata wakiwa wamo mapajani. Alihesabu watoto 16 katika wale wenye matumaini, 7 katika wenye wasiwasi, na 5 ambao walikuwa bado hawajafungamana na mtu. Alipolinganisha mama kwa mama, kubwa katika yaliyowapambanua lilikuwa jambo ambalo huenda wewe msomaji usingelidhania. Mama ambao watoto wao walikuwa na matumaini ndio wale ambao, walipoulizwa khabari za watoto wao, walikuwa na mengi ya kusema, madogo madogo, bila ya kuvutwa: mtoto huyu apenda hiki, kile chamchosha, leo aamka na hali nyingine. Walikuwa wakimtazama na kumfahamu. Wale wengine waliulizwa khabari za mtoto wakaingia katika khabari nyingine. Zingatia kwamba hawa wote walikuwa wakiwapenda watoto wao.

Miaka mingi baadaye, huko Uingereza, bibi mwengine, Elizabeth Meins, alilipa jambo hili jina na kipimo. Yeye na wenzake waliwatazama mama 71 wakicheza na watoto wao wa miezi sita, wakayaandika maneno waliyokuwa wakiwaambia. Hawakuhesabu wingi wa maneno tu. Walipambanua maneno yanayoutaja moyo na akili ya mtoto, mfano wa wataka, wafikiri, umechoka nacho, wakumbuka. Kisha wakaangalia je, neno lile lilikuwa kweli au halikuwa.

Na hapa ndipo penye kiini cha somo, kwa hiyo tusipite mbio. Chukua mtoto aketiye kizingitini akimtazama mbuzi. Mama mmoja amwambia: "Wamtazama mbuzi yule, wastaajabia masikio yake." Mama wa pili amtikisia njuga usoni akisema: "Wataka njuga, wataka kucheza njuga." Wote wawili wasema, wote wawili wacheka, na mpita njia atawahesabu wote kuwa mama wema. Lakini wa kwanza amemfuata mtoto pale akili yake ilipo, na wa pili amesema yaliyo katika akili yake yeye mwenyewe akayatia kinywani mwa mtoto. Huyu wa pili hakumkosa mtoto kwa kukosa mapenzi. Amemkosa kwa kutotazama.

Mtafiti yule aliandika katika mwaka 2001 kwamba maneno yaliyo sawa na hali ya mtoto yalibashiri matumaini ya mtoto kwa mama yake alipofika mwaka mmoja; na mwaka 2002 akaandika kwamba watoto wa mama hao, walipokaribia miaka minne, walikuwa mbele zaidi katika kufahamu kwamba mtu mwengine ana akili yake, nayo yaweza kujua au kutojua yale uyajuayo wewe. Jambo hili hujaribiwa kwa kisa chepesi, nawe waweza kulijaribu nyumbani. Juma ameweka tende kikapuni akatoka. Nyuma yake dada yake amezihamishia kabatini. Juma akirudi, atazitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu aghlabu atasema kabatini, kwa kuwa yeye ajua zimo kabatini. Aliyekwisha kupevuka kidogo atasema kikapuni. Jawabu hilo dogo ndio mlango wa mengi: kusadiki kwamba mwalimu ajua usilolijua, kufahamu hadithi, kutambua hila, kumuonea mwenzako huruma. Sisemi kuwa maneno ya mama ndiyo sababu pekee. Rizki ya akili ina milango mingi, na wataalamu wenyewe wasema kuwa mambo haya mawili huandamana, wala si kila yanayoandamana huzaana.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Katika Bukhari na Muslim mna khabari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, pamoja na ndugu mdogo wa Anas bin Malik, Abu Umayr, kitoto kilichoachishwa ziwa tu. Kilikuwa na kidege kikicheza nacho, kidege kikafa. Mtume alipoingia nyumbani mwao akamuona amehuzunika, akamuuliza khabari ya kidege chake, akimwita kwa lakabu yake kama aitwavyo mtu mzima. Hakumwambia asilie kwa ajili ya ndege. Alimtazama, akaijua huzuni na sababu yake, akasema naye katika hilo hilo. Mwanachuoni Ibn al-Qass, wa karne ya 4 ya Hijria, alitoa katika hadithi hii faida zaidi ya sitini akaziandikia kijitabu, naye alifanya hivyo kuwajibu waliodhani kuwa khabari ya kitoto na kidege haina faida ndani yake.

Atasema msemaji: mbona wako watu ambao hawasemi na vichanga vyao, na watoto wao hukua wakawa watu? Hili ni swali la haki, na jawabu lake limo humu humu Kenya. Katika miaka ya 1974 hadi 1976 Robert LeVine na wenzake walikaa Kisii. Waliwakuta mama ambao mtoto akilia humuitikia mara moja kwa kumbeba na kumnyonyesha, lakini hawamkazii macho, wala hawasemi naye sana. Na walipoulizwa walisema maneno yale yale ya mama mkwe wa muuliza suali, kwamba mtoto hafahamu, wasemeje naye? Watoto wao walikuwa na afya njema kupita walivyotarajia wageni. Lakini katika nyumba hizo palikuwa na mtu wa pili: dada wa mtoto, msichana mdogo mwenye kumbeba na kumchezesha. Watafiti wawili, Kermoian na Leiderman, walieleza mwaka 1986 waliyoyaona kwa watoto hao wa Kisii. Mafungamano mema na mama yaliandamana na siha ya mwili wa mtoto. Na mafungamano mema na yule msichana mlezi yaliandamana na kupimika vyema kwa akili yake. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka ayeeyo, nikamkumbuka na yule msichana wetu ambaye hatukumwambia neno.

Tena kuna khabari ya Embu, iliyoandikwa 1988. Watoto wa huko waliokuwa wakisemeshwa mara kwa mara, ambao sauti zao zilijibiwa, waliokuwa wakishirikishwa mazungumzo na michezo, ndio waliofanya vyema zaidi katika vipimo vya akili walipokaribia miaka miwili na nusu. Wale hawakuwa watoto wa matajiri. Walikuwa watoto wa wakulima.

Nataja ukulima na umasikini kwa makusudi, kwa sababu nakaa katika nchi ya ukame. Tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana hapa mfululizo. Ng'ombe walikufa, watu wakahamia kandokando ya miji, na katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991, wakaingia wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Katika wakati kama huo misaada huhesabiwa kwa magunia ya unga na makopo ya maziwa, na wallahi ni wajibu, kwani mwenye njaa hahubiriwi. Lakini sikiliza khabari ya Kingston, Jamaica. Katika miaka ya 1986 na 1987 walichukuliwa watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni, umri wao kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walipewa maziwa kila wiki kwa miaka miwili. Baadhi walizuriwa na mwanamke wa afya saa moja kwa wiki, akimfunza mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya nyumbani. Baadhi walipata yote mawili, na baadhi hawakupata lolote katika hayo. Walipotafutwa baada ya miaka kiasi cha 20, wale ambao mama zao walifunzwa kucheza nao walikuwa wakichuma mshahara kiasi cha asilimia 25 zaidi ya wenzao. Na maziwa peke yake hayakuonekana kuacha alama katika mshahara. Nasi kila mwaka wa njaa twasimamisha kamati za chakula katika misikiti yetu. Sijapata kusikia kamati hata moja iliyomtuma mwanamke mjuzi aende akakae na mama saa moja. Gharama yake ni nauli.

Isifahamike hapa kwamba lawama ni za mama. Mwenye kuteka maji mbali, mwenye watoto sita, aliyeachwa na mumewe aliyekwenda na malori, moyo wake utapata wapi nafasi ya kutazama kichanga kimestaajabia nini? Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akiingia katika sala akinuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuijua taabu iliyompata mama yake nyuma ya safu. Tazama basi: imamu aliye mbele aufahamu moyo wa mama, ili mama apate kuufahamu moyo wa mtoto. Katika nyumba zetu mlolongo huu umekatika. Mimi nilimuona mke wangu akiutazama mlango miezi mingi, nikamwambia asome nyiradi na asubiri. Nyiradi ni njema. Lakini huzuni ya baada ya uzazi ni maradhi, ina madaktari wake, nami nilichelewa kumpeleka.

Na tusizame katika khabari za kale tukaisahau simu. Mwaka 1978 Edward Tronick wa Marekani alitoa jaribio ambalo limekuwa mashuhuri. Mama hucheza na mtoto wa miezi michache, kisha huambiwa aukaze uso wake, asicheke, asijibu, kwa dakika chache tu. Mtoto hutabasamu kumvuta mama. Asipopata, hupunga mikono, hupiga kelele. Kisha hugeuza uso akakata tamaa. Nimelifikiria jaribio hilo nikiwa nimekaa katika nyumba ya rafiki yangu, watu wazima wanne tumeinamia simu zetu, na kitoto mkekani kikimtazama mmoja baada ya mmoja. Hapana aliyetwambia tukaze nyuso. Tulizikaza wenyewe.

Atakaye kulitenda jambo hili asidhani kuwa lataka mali au kusoma sana. Lataka kutazama kwanza, kisha kusema, kisha kungoja. Wakati wa kumuosha mtoto wafaa, na wakati wa kumkanda mafuta wafaa zaidi. Seme lugha ya nyumba yake, ikiwa ni Kisomali, Kiorma, Kipokomo au Kiswahili. Kwa maana nimewaona mjini wazazi wanaosemesha vichanga kwa Kiingereza kibovu ili wawahi shule, na mtoto apata maneno yasiyokuwa na moyo ndani yake. Ukikosea, ukamwambia ana njaa naye ana usingizi, hapana neno; atakujulisha, nawe utajirekebisha, na huko kurekebishana ndiko mazungumzo yenyewe. Na mtoto ambaye amefika mwaka asigeuke akiitwa, asitoe sauti, asionyeshe kitu, apelekwe hospitali akaangaliwe, wala asingojewe kwa kuambiwa kuwa ni mpole.

Ama sisi wanaume, twangoja mpaka mtoto apelekwe duksi ndipo tuseme amekuwa wetu. Mwalimu wa duksi humpokea mtoto wa miaka minne au mitano, na ubongo wa mtoto, kwa kipimo cha madaktari, hukaribia robo tatu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima umri wa miaka miwili unapokwisha. Nami ni mwalimu, najua jinsi tunavyowapiga wazito kwa uzito ambao hawakuutaka. Mwanangu yule sasa ana miaka tisa na asoma vyema, ingawa hanipi salamu ya asubuhi mpaka kwanza amempigia simu ayeeyo Wajir.

Mwenye karatasi nimempelekea jawabu hili kwa mkono wa mke wangu, nikamuomba amsomee mama mkwe wake kwa adabu, na aanze na habari ya kidege. Suali lake la pili lilikuwa juu ya akika ya mtoto ambaye baba yake yu safarini. Hilo tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.